Stelingi Hafi: Namna Heroes Ilivyojimaliza Yenyewe

Tarehe 25 Septemba 2006 kituo cha NBC cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya Heroes, tamthilia ya watu wa kawaida wanaojikuta na nguvu za ajabu, na zaidi ya watu milioni 14 nchini humo waliitazama. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 8 Februari 2010, na waliobaki kuitazama hawakufika milioni 5. Misimu minne tu. Tamthilia iliyowania tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2007 ilifutwa miaka mitatu baadaye, na wengi walioipenda walikuwa wameshaiacha zamani.

Ukiuliza kilichoiua, jibu la haraka ni mgomo wa waandishi wa miswada wa Hollywood. Mgomo huo ulianza tarehe 5 Novemba 2007 na kumalizika Februari 2008, na ni kweli uliukata msimu wa pili ukabaki na sehemu 11 badala ya 24 zilizopangwa. Lakini mgomo ulimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani. Ugonjwa ulikuwa kwenye nguvu zenyewe. Wahusika waligawiwa uwezo usio na bei, kisha waandishi wakatumia misimu mitatu kutafuta visingizio vya kuwazuia wasiutumie.

Mfano mzuri kuliko yote ni Charlie, mhudumu wa mgahawa mjini Midland, Texas, mwenye kumbukumbu isiyosahau chochote. Katika sehemu ya 8 ya msimu wa kwanza anauawa na Sylar, adui mkuu anayefungua vichwa vya watu ili achukue nguvu zao. Hiro Nakamura, karani wa Tokyo anayeweza kusimamisha wakati na kusafiri ndani yake, anaapa kurudi nyuma siku moja tu amwokoe. Anatoweka. Rafiki yake Ando anabaki mgahawani, anainua macho, na ukutani anaona picha ya Hiro akiwa na Charlie, wote wanatabasamu.

Sehemu ya 10, "Six Months Ago", inatueleza kilichotokea. Hiro alikosea shabaha akatua miezi sita nyuma badala ya siku moja. Alimzoea Charlie, wakapendana, akamkunjia korongo 1,000 wa karatasi. Kisha Charlie akamwambia kwamba ana tatizo kwenye mishipa ya ubongo na hana muda mrefu, Sylar aje asije. Wanapokaribia kubusiana, nguvu inamponyoka Hiro na kumtupa mbali. Alichobaki nacho ni ile picha ya ukutani.

Ufundi wa mkasa huo uko kwenye mipaka yake. Nguvu ya Hiro haina shabaha nzuri. Moyo wake ukichafuka, inamtoroka. Hata ikifanya kazi sawasawa, haitibu ugonjwa. Mipaka mitatu imeonyeshwa kwa vitendo, bila mhusika kusimama na kutuhutubia. Mtazamaji anaondoka akijua kwamba katika dunia hii kusafiri kwenye wakati si kifutio. Maji yakimwagika hayazoleki, hata kwa Hiro.

Sasa ruka hadi msimu wa nne. Hiro anarudi mgahawani siku ileile, anamkabili Sylar wa zamani, anafanya naye mapatano, na Sylar kwa mikono yake anamwondolea Charlie ule ugonjwa wa ubongo. Basi. Kifo kilichoujenga msimu wa kwanza kimefutwa. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba waandishi walijaribu kuirudisha bei: Samuel Sullivan, adui wa msimu huo, anamteka Charlie na kumficha katika miaka ya nyuma, na Hiro anakuja kumpata akiwa bibi kizee aliyekwisha kuishi maisha yake. Ni wazo zuri, na lingeweza kuliza watu. Lakini lilikuja wakati mtazamaji ameshafundishwa kwamba hakuna kisichorudishwa, na mtu akishazoea hivyo machozi hayamtoki.

Msimu wa kwanza ulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuonekana tena: saa. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza Hiro anajikuta New York, na katika ya pili anagundua kwamba ni tarehe 8 Novemba, wiki tano mbele, na mji unalipuka mbele ya macho yake. Kuanzia hapo kila mtu, ajue asijue, anakimbizana na tarehe moja na mahali pamoja. Isaac Mendez, mchoraji anayechora yajayo, anatoa picha mojamoja kama mtu anayefunua karata: msichana wa Texas akikimbia, mtu akianguka kutoka ghorofani, mji ukiwaka. Picha hizo, zilizochorwa kweli na Tim Sale, msanii wa vitabu vya katuni, zilikuwa ahadi. Unaona picha leo, wiki tatu baadaye unaona tukio, na mara nyingine tukio linakuja na maana tofauti na uliyodhani. Ndiyo maana wahusika zaidi ya kumi waliotawanyika kutoka Tokyo hadi Las Vegas hawakukuchosha, kwa sababu kila mmoja alikuwa kwenye mto unaoelekea bahari moja.

Na watu walikufa. Eden alijipiga risasi ili Sylar asipate nguvu yake ya ushawishi. Simone aliuawa kwa bahati mbaya na Isaac aliyempenda. Isaac mwenyewe alichora kifo chake, akakingoja.

Kileleni pa msimu huo ni sehemu ya 17, "Company Man", iliyoandikwa na Bryan Fuller na kurushwa Februari 2007. Ukiwa unaandika chochote chenye nguvu za ajabu, itazame na kalamu mkononi. Nyumba moja, familia moja imeshikwa mateka, watekaji wawili: Matt anayesoma mawazo na Ted ambaye mwili wake ni bomu la nyuklia. Noah Bennet, baba wa Claire, yule msichana wa Texas, hana nguvu yoyote. Matt anayasikia mawazo ya Noah, kwa hiyo Noah anageuza hilo kuwa njia ya kumpa Matt maelekezo bila Ted kusikia. Ted akikasirika sana nyumba itayeyuka. Claire jeraha lake linapona, kwa hiyo yeye ndiye anayeweza kuuingia moto na kumfikia. Kila nguvu imetumika, kila moja imezua tatizo kabla ya kulitatua, na mwishoni bei inalipwa na yule asiye na nguvu: Noah anaamuru apigwe risasi na kufutwa kumbukumbu, ili hata yeye asijue binti yake amefichwa wapi. Dakika arobaini na kitu, na hakuna anayeruka angani.

Basi mambo yaliharibikia wapi? Kabla ya msimu wa pili. Yaliharibikia uwanja wa Kirby Plaza, New York, katika sehemu ya 23, siku ya fainali yenyewe.

Peter Petrelli anafyonza nguvu ya kila mwenye nguvu anayemkaribia. Kufikia fainali alikuwa na kuruka kwa kaka yake Nathan, kupona kwa Claire, kusogeza vitu kwa mawazo kutoka kwa Sylar, kutoonekana, kusoma mawazo, kusimamisha wakati, na ile ya Ted ya kulipuka. Watazamaji walingoja miezi wamwone akikutana na Sylar. Walichopewa ni ngumi chache, Niki, mama wa Las Vegas mwenye mwili wa nguvu zisizo za kawaida, akimpiga Sylar kwa nguzo ya mita ya maegesho, na Hiro akimchoma upanga. Kisha Peter anaanza kulipuka, Nathan anashuka kutoka angani, anamkumbatia na kumpandisha juu ili mji upone.

Swali lilikuja usiku uleule: Peter anajua kuruka, kwa nini asipande mwenyewe? Unaweza kujibu kwamba alishindwa kutumia nguvu mbili kwa pamoja wakati anawaka, na jibu hilo linaingia akilini. Ila halikutangulizwa. Sentensi moja katika sehemu ya 18 au 19, Peter akijaribu kuruka huku mikono inamuunguza na akaanguka, ingelimaliza. Katika hadithi za nguvu mpaka hutangulia, hitaji hufuata. Ukiuleta mpaka siku ya hitaji, mtazamaji anauita uongo.

Dosari hiyo inahusiana na namna kazi ilivyofanyika. Waandishi wa Heroes hawakukaa kila mtu na sehemu yake. Kila mmoja alichukua mkondo wa mhusika fulani na kuandika matukio yake, kisha vipande vikakusanywa na kukabidhiwa mwandishi ambaye jina lake lingetajwa kwenye sehemu hiyo, avishone. Faida yake ni kasi, miswada inakuwa mbele ya kamera. Na wahusika wakiwa mbali mbali, Hiro Tokyo, Claire Odessa, Niki Las Vegas, kila mkondo unapata mtu anayeufikiria peke yake. Tatizo linatokea siku wote wanapokutana chumba kimoja. Hapo anahitajika mtu mwenye daftari, anayejua nani ana nini, nani amemgusa nani, na kwa nini fulani asiimalize kesi hii kwa sekunde tatu. Kushona vipande hakutoshi, maana nguvu zikikutana zinazidishana.

Kosa la pili lilifanyika fainali hiyohiyo. Tim Kring, aliyeibuni tamthilia, alikuwa na wazo la kubadilisha wahusika msimu hadi msimu: hadithi inaisha, mashujaa wanatoka, wapya wanaingia. Hilo lingetibu karibu kila ninacholalamikia hapa, kwa sababu mhusika anayeondoka anaweza kufa, na Peter mwenye nguvu zote zile asingekuwa tatizo la mwakani. Lakini watu walishawapenda waigizaji. Masi Oka aliyeigiza Hiro alikuwa gumzo, Zachary Quinto aliyeigiza Sylar vilevile, na hakuna kituo cha televisheni kinachofukuza nyuso zinazouza matangazo. Kwa hiyo Sylar aliyechomwa upanga akaburuza mwili wake hadi kwenye mtaro. Peter aliyelipuka angani akapona, Nathan aliyemkumbatia naye akapona. Stelingi hafi, na huku hata adui hafi.

Msimu wa pili ukafungua Septemba 2007 na tatizo la hesabu: Peter na Hiro wakiwa wazima na akili timamu, hakuna hatari inayodumu zaidi ya dakika kumi. Dawa iliyochaguliwa ikawa kuwafunga miguu, na ukishaiona huwezi kuacha kuiona hadi mwisho. Peter anapoteza kumbukumbu na kuokotwa Cork, Ireland. Msimu wa tatu anafungiwa ndani ya mwili wa mtu mwingine, kisha baba yake Arthur anamnyang'anya nguvu zote. Hiro anakwama Japani ya mwaka 1671 kwa sehemu saba. Msimu wa tatu akili yake inarudishwa kuwa ya mtoto wa miaka kumi, baadaye anapoteza nguvu kabisa, na msimu wa nne anapewa uvimbe wa ubongo. Uvimbe! Mwandishi anapofikia kumpa mhusika maradhi ya kichwa ili asitumie kipaji chake, ujue kipaji kiliandikwa vibaya tangu mwanzo.

Mbaya zaidi ikawa damu ya Claire. Msimu wa kwanza Claire anapona mwenyewe, na hilo linamtesa: hajui kama yeye bado ni binadamu. Ni nguvu ya mtu mmoja na maumivu ya mtu mmoja. Msimu wa pili ikaonekana kwamba damu ya wenye nguvu hiyo inaponya wengine. Noah anapigwa risasi ya jicho na kufa, anatundikiwa damu, anaamka. Nathan aliyeungua vibaya anaponywa kwa damu ya Adam Monroe, mwenye nguvu kama ya Claire. Kuanzia siku hiyo kila maiti ndani ya Heroes ilikuwa mgonjwa anayengoja sindano. Akifa mtu na damu isitafutwe, swali si tena "masikini, amekufa", ni "Claire yuko wapi?"

Na Caitlin? Huyu ndiye jiwe lililobaki kwenye kiatu cha watazamaji hadi leo. Ni msichana wa Ireland aliyempokea Peter. Peter anakwenda naye mwaka 2008, katika dunia ambayo virusi vimeua asilimia 93 ya watu. Wanatenganishwa, Peter anarudi peke yake. Virusi vinazuiwa, wakati ule unafutika, na Caitlin anaachwa ndani ya siku zijazo ambazo hazitakuwepo. Hakurudi, na msimu wa tatu ulipoanza Peter alikuwa hamtaji hata kwa bahati mbaya.

Hapo mgomo una sehemu yake. Mpango ulikuwa chupa ya virusi ivunjike mwishoni mwa mkasa huo na mkasa unaofuata uhusu mlipuko wa ugonjwa. Kamera zilipokuwa zinaelekea kuzimwa, mwisho wa "Powerless", sehemu ya 11, ukabadilishwa: Peter anaidaka chupa isivunjike, na Nathan anapigwa risasi akihutubia waandishi wa habari. Virusi vilivyosukuma msimu mzima vikaishia kiganjani. Mwezi mmoja kabla ya sehemu hiyo kurushwa, Kring alikuwa ameomba radhi hadharani kupitia jarida la Entertainment Weekly. Alikiri mwendo umekuwa wa polepole, Hiro amekaa Japani mno, wahusika wapya wameingizwa vibaya, na mapenzi ya vijana hayana ladha. Aliyakiri yote yaliyo juu juu. La nguvu zisizo na bei hakuligusa.

Matokeo ya toba hiyo yakaonekana Septemba 2008. Kwa kuwa watu walilalamikia polepole, msimu wa tatu ukaja kwa pupa. Mohinder, mwanasayansi anayewachunguza wenye nguvu, anajidunga ili naye azipate na kuota magamba. Kuna fomula iliyokatwa vipande viwili inayoweza kumpa nguvu yeyote, yaani kile kilichokuwa adimu sasa kinapatikana kwa sindano. Niki amekufa, anakuja Tracy mwenye sura ileile. Sylar anaambiwa ni mtoto wa Petrelli, anakuwa mwema, anagundua amedanganywa, anarudi kuwa muuaji. Mwisho wa msimu anamuua Nathan, na Matt anamtia akilini aamini kuwa yeye ndiye Nathan. Msimu wa nne anamalizia akiwa shujaa. Mhusika aliyetisha kwa sababu alitaka kitu kimoja tu, kuwa wa pekee, akawa anataka chochote ambacho wiki hiyo inahitaji.

Mapema Novemba 2008 Jeph Loeb na Jesse Alexander, waandishi wazito katika jopo hilo, waliondolewa. Fuller, ambaye alikuwa ameondoka, akarudi, na "Cold Snap" aliyoiandika ni miongoni mwa sehemu chache za msimu huo zinazopumua. Hakukaa. Kitu kimoja kilichofanywa sawasawa kipindi hicho ni Peter kurudishiwa nguvu kwa sharti: moja kwa wakati mmoja, na lazima amguse mtu. Akichukua ya kuruka anapoteza ya kuponya. Ghafla kila tukio la Peter likawa na uamuzi ndani yake. Sheria hiyo ilihitaji sentensi moja, na ingewekwa mwaka 2006 Kirby Plaza ingekuwa imejieleza: ameibeba ya Ted, hana ya kuruka, Nathan lazima aje.

Kuhusu unabii sina mengi. Msimu wa kwanza mchoraji alikuwa mmoja na alikufa. Baadaye ikapatikana michoro yake iliyofichwa, kisha Usutu, mchoraji wa jangwani Afrika aliyeletwa kuwaelekeza wageni na kukatwa kichwa kazi ilipokwisha, kisha Matt naye akaanza kuchora. Kila msimu maangamizi mapya yajayo, kila msimu yanaepushwa. Baada ya mara ya pili hakuna anayeshtuka.

Kwa anayeandika hadithi ya namna hii, kuna kipimo kimoja cha kutumia kabla ya kuandika tukio lolote la hatari: andika majina ya wote waliopo na wanaoweza kupigiwa simu, mbele ya kila jina andika nguvu, kisha uliza kwa nini kila mmoja asilimalize jambo hili sasa hivi. Jibu likiwa "hayupo" au "amesahau", una mara moja tu ya kulitumia. Likiwa "akifanya hivyo atapoteza kitu fulani", unaweza kulitumia msimu mzima. Eden alikuwa na jibu la pili. Hiro wa Midland pia. Peter wa Cork alikuwa na la kwanza.

Mwaka 2015 NBC iliirudisha kwa sehemu 13, Heroes Reborn. Hayden Panettiere, aliyeigiza Claire, hakurudi, kwa hiyo ilibidi ipatikane sababu. Wakaandika kwamba Claire alifariki akijifungua mapacha: mtoto wa kiume, anayefyonza nguvu za wengine, alichukua uwezo wa mama yake wa kupona wakati anazaliwa. Kwa mara ya kwanza tangu 2006 nguvu ya Claire ilikuwa na mpaka ulio wazi, na kifo chake kilikuwa na maana. Kilitokea nje ya kamera, tukahadithiwa.